Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa: kati ya kipindi na kipindi, mwanafunzi akae wapi?

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Marasi wa Ndaki, wajumbe wa Mabaraza, na ninyi wa Kurugenzi za Milki ambao michoro na funguo viko mikononi mwenu,

Shikamooni mnaostahili shikamoo, na poleni na kazi nyote.

YAH: MAHALI PA KUKAA MWANAFUNZI ASIYE NA KIPINDI

Mimi ni mhudumu wa maktaba, zamu ya jioni, katika chuo kikuu kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Jina la chuo naliacha. Woga upo, siufichi, kwa kuwa nina watoto wa kusomesha. Lakini pia sioni haja, maana nikikutana na wenzangu wa vyuo vingine, iwe Mbeya au Iringa, tunasimuliana habari ile ile, yanayobadilika ni majina ya majengo tu.

Kwanza shukrani, na si za kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Miaka hii mnajenga. Tangu mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu uidhinishwe mwaka 2021, huu mradi tunaouita HEET, vyuo vya umma nchini vimejaa zege, nondo na mabango ya makandarasi. Vijana waliokuwa wakijifunza maabara kwa kumtazama mwenzao mmoja akishika kifaa, sasa watashika wenyewe. Hilo ni jambo kubwa na sina neno nalo.

Neno langu ni la saa. Mwanafunzi anatoka kwenye ukumbi wa mihadhara saa nne asubuhi. Kipindi chake kinachofuata ni saa tisa alasiri. Hapo katikati anakaa wapi?

Hesabu mnazo wenyewe. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa masomo wa shahada ya kwanza ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Ukizigawa kwa wiki kama 30 za semesta mbili, unapata saa 40 kwa wiki. Sasa chukua ratiba iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kozi yoyote ya sanaa au biashara, jumlisha mihadhara na semina zote: unaishia kwenye nusu ya hizo, pengine pungufu. Saa zinazobaki mmeziandika ninyi kwenye mitaala, kwa herufi safi kabisa: kujisomea, kazi za vikundi, kuandaa mawasilisho. Kwa maana hiyo nusu ya shahada inasomwa nje ya darasa, kwa mujibu wa nyaraka zilizopitishwa na Seneti. Lakini kwenye mpango wa majengo ile nusu haina hata chumba.

Anayeishi hosteli atarudi chumbani, akiweza. Nasema akiweza kwa sababu mnajua habari ya kubebana: chumba cha wanne wanalala saba, wengine mzungu wa nne, na mchana kila kitanda kina mtu anayelipa deni la usingizi wa usiku. Hapo meza ya kusomea haipo, ilishageuzwa jiko. Wengi zaidi hawana hosteli kabisa. Wamepanga geto, yaani chumba cha mtaani: kwa upande wa Mbeya, Ikuti, Nzovwe, Ilomba. Kwa upande wa Iringa, Kihesa, Semtema, Mtwivila. Kwenda na kurudi katikati ya vipindi ni nauli mara mbili, na bumu lenyewe, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, mnajua linavyochelewa. Kwa hiyo anabaki chuoni. Na akibaki, anakuja kwangu.

Maktaba yetu imegeuzwa sebule, bwalo, kituo cha kuchajia simu na, wiki ya mitihani, bweni. Kuna meza zina soketi moja inayolisha ekstensheni inayolisha ekstensheni nyingine, na waya umepita chini ya rafu za vitabu vya sheria hadi namwomba Mungu kila jioni. Kuna wanaokula maandazi wakiwa wameinamisha kichwa ndani ya begi. Kuna anayelala tangu saa sita mchana akiwa amefunikwa na koti, kitabu kimefunguliwa mbele yake kama hati ya kusafiria. Kuna binti wa mwaka wa pili ambaye dada yake humletea mtoto amnyonyeshe, naye hujificha nyuma ya majarida ya zamani ambayo hakuna mtu anayeyafungua. Kanuni zinanitaka niwaondoe wote hao. Niwaondoe waende wapi? Yule mama nimemwekea kiti. Kama kuna barua ya onyo, itumwe kwangu, yeye aachwe asome.

Wanaokosa nafasi maktaba wanakwenda kwenye vimbweta, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa vimbweta ndivyo vilivyonifanya niandike.

Kila aliyepita chuo Tanzania anavijua: meza ya zege, mabenchi ya zege kuizunguka, chini ya mti. Anayesema chuo ni kumbi za mihadhara hajawahi kukaa kimbweta saa mbili usiku akafundishwa takwimu na mwenzake aliyeielewa. Desa, yaani notsi za kunakili, zinagawanywa hapo, hoja zinapingwa hapo, aliyepata sup, mtihani wa kurudia, anafarijiwa hapo. Ni kitu kizuri, cha bei nafuu, na ni chetu. Tatizo ni kwamba kimbweta cha wazi kinafaa Dar es Salaam, ambako mtu anakimbia joto la chumbani. Tumekileta juu huku bila kukibadilisha kitu.

Mji wa Mbeya uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa haiko mbali na hapo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili; baridi kali ni Juni na Julai, na usiku kipimo kinashuka chini ya nyuzi 10. Wekeni kalenda ya masomo juu ya kalenda hiyo. Semesta ya kwanza inaliwa na mvua, ya pili inamalizikia kwenye baridi, na UE ya mwisho, yaani mitihani ya kumaliza semesta, inafanyika Julai, mwezi ambao mtoto aliyetoka Lindi au Tanga anavaa sweta mbili na soksi juu ya soksi. Zege lina tabia ya kushika ubaridi wa usiku na kukaa nao hadi karibu adhuhuri. Nimeona vijana wakitandika maboksi juu ya benchi ndipo wakae. Wengine wanabeba mito ya makochi kutoka geto. Mvua ikianza, wanakusanya daftari na kukimbilia varanda la jengo la utawala, kisha mlinzi anawafukuza kwa kuwa wanachafua sakafu.

Kimbweta cha huku kinataka nguzo nne, bati, taa moja na soketi mbili. Sisemi jambo la ajabu. Tunaishi jirani na msitu wa Sao Hill pale Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali. Nguzo za umeme zilizotiwa dawa zinazosambazwa nchini, nyingi hutoka mkoa wa Iringa na Njombe. Mbao za paini zinapita kwenye malori mbele ya mageti ya vyuo vyetu zikielekea Dar. Na baadhi yenu mnafundisha uhandisi ujenzi na usanifu majengo, mna karakana na wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Mwaka wa pili wapewe kimbweta kimoja kila kundi: wachore, wakadirie gharama, waezeke, walimu wawape alama. Paa likivuja, watalowa wao wenyewe, na somo litaeleweka vizuri zaidi.

Nikiwa kwenye michoro, niseme na hili la jua, ambalo si la fani yangu lakini nimelisoma kwenye viti vya maktaba. Huku kwetu tuko karibu nyuzi 8 hadi 9 kusini mwa Ikweta. Juni jua linapita kaskazini yetu. Ukuta unaotazama kaskazini unapata jua wakati huo. Ukuta unaotazama kusini haulioni mwezi mzima. Wanafunzi hawajafundishwa na mtu, ila njooni Juni asubuhi muone meza zinazogombewa: zote ni za madirisha ya kaskazini. Za kusini zinabaki tupu hadi zile zimejaa. Halafu tunapewa jengo jipya, na chumba chake cha kujisomea kimewekwa kusini, madirisha ya luva yasiyofunga sawasawa, korido ya wazi yenye matofali ya matundu ili upepo upite. Upepo unapita kweli. Mchoro huo ni mzuri sana kwa Dar es Salaam.

Waliotutangulia waliliona hili kwa namna yao. Pale Iringa mjini lipo Boma lililojengwa na Wajerumani kuwa hospitali ya kijeshi. Leo ni makumbusho, na ukiingia Julai unaona tofauti ya kuta nene na hizi zetu. Sisifii ukoloni, na sitaki mtu aniulize hivyo kwenye kikao. Nasema tofali la kuchoma la Iringa bado linachomwa, mafundi wake wapo, na mshauri elekezi anaweza kuambiwa hivyo kabla hajafungua kompyuta yake.

Sasa habari ya funguo.

Saa kumi na mbili jioni vyumba vya madarasa vinafungwa. Saa nne usiku nami nafunga maktaba kwa agizo, na watu wanatoka wakiwa na hamu ya kuendelea kusoma. Wanapita mbele ya jengo lenye ghorofa nne, taa za korido zinawaka, mlinzi amekaa mlangoni, vyumba vyote vimefungwa kwa kufuli. Ukimuuliza mlinzi, anasema funguo ziko Milki. Milki wanasema ziko kwa Amidi, mkuu wa kitivo. Kwa Amidi utaambiwa jengo bado halijakabidhiwa rasmi, ingawa asubuhi yake lilikuwa limejaa watu wanaofundishwa humo. Sababu ninazozisikia ni tatu: umeme, viti kuvunjwa, na projekta kuibwa. Projekta ifungiwe kwenye kabati la chuma, kama zinavyofungiwa fedha. Viti vinavunjika mchana pia. Umeme wa mirija sita ya taa ukilinganishwa na ule unaowasha korido tupu usiku kucha, wahasibu watatuambia.

Jioni moja kwaya ya wanafunzi iliyokuwa ikijiandaa kwa tamasha iligombea chumba kimoja na kundi la mwaka wa tatu lililokuwa na mtihani asubuhi yake. Ndicho chumba pekee kilichokuwa wazi. Kitasa chake ni kibovu. Sauti ya kwanza na ya pili zikaimba, wa mtihani wakapiga meza, mlinzi akaitwa, na mwisho wote wakatolewa. Ripoti iliyoandikwa ilisema wanafunzi wamefanya vurugu. Ghorofa hiyo hiyo ilikuwa na vyumba vingine vitano, vimefungwa. Nilisoma ripoti hiyo nikacheka peke yangu, kisha nikaona si jambo la kucheka: vijana waliotaka kuimba na vijana waliotaka kusoma wameandikiwa faili moja la nidhamu.

Hao wa kwaya nao, na wa mdahalo, na wanaoswali alasiri kwenye kona ya ngazi kwa zamu, na timu ya wavu isiyo na mahali pa kubadilishia nguo, na serikali ya wanafunzi inayofanya kazi kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio: hawa wote ni chuo. Vyuo vyetu vingi huku vilianza kama shule au vyuo vidogo. Kile cha sayansi na teknolojia Mbeya kilianza kuwa chuo cha ufundi mwaka 1986. Mkwawa ilikuwa sekondari kabla ya mwaka 2005. Shule za zamani, pamoja na ukali wake wote, zilikuwa na bwalo. Bwalo halikuwa la kulia chakula tu. Ndipo palipofanyika mikutano, michezo ya kuigiza, matangazo, hata misiba. Chuo nilichopo mimi kilikuwa nalo. Udahili ulipopanda likawekewa ubao na viti vya kukunja, likawa ukumbi wa mihadhara. Nilielewa sababu. Lakini hakuna aliyejenga bwalo lingine, na leo chakula kinaliwa kwa mama ntilie nje ya geti, watu wamesimama, sahani mkononi, bajaji zikiwapulizia vumbi.

Noti ya shilingi 500, enzi ilipokuwa bado noti, ilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nchi ilipotafuta jengo moja la kuwakilisha elimu ya juu kwenye fedha yake, haikuchukua darasa wala maabara. Ilichukua mahali watu wanapokusanyika.

Hosteli sitazizungumzia sana. Kila mtu anazizungumzia. Inatosha kusema kwamba mwaka 2017 hapo hapo Dar es Salaam zilifunguliwa hosteli za kuchukua wanafunzi 3,840 kwa shilingi bilioni 10, na ujenzi wake haukuchukua hata mwaka. Kwa hiyo penye nia, njia hupatikana haraka kuliko tunavyoambiwa. Ila hosteli peke yake haitibu ninachokieleza. Kitanda ni cha usiku.

Najua mtakalojibu, maana nimewahi kulisikia likijibiwa: fedha za mradi zimefungwa. Zimetolewa kwa ajili ya maabara, haziwezi kujenga sebule. Sawa. Lakini kila jengo la maabara lina ghorofa ya chini, lina lango na lina ngazi. Upana wa korido unaamuliwa na mtu kwa kalamu. Ikiongezwa mita mbili upande wa kaskazini, ikawekewa benchi ukutani, soketi na dirisha linalofungika, tayari watu 60 wamepata pa kukaa bila kubadilisha jina la mradi. Wekeni na vyoo vinavyofunguliwa mchana kutwa, si vile ambavyo ufunguo wake uko kwenye droo ya katibu muhtasi. Chumba kidogo chenye kiti na beseni la maji kwa wanafunzi wenye watoto wachanga. Njia ya mteremko kwa wenye viti vya magurudumu, ambayo tangu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haipaswi kuombwa kwa barua.

Na kwenye kikao cha mchoro, yule wa kwanza kabisa, kabla ya upembuzi yakinifu kuandikwa ukafungwa kwenye jalada lenye kava gumu, muiteni mlinzi wa usiku. Muiteni mfagizi. Muiteni CR mmoja, yaani mwakilishi wa darasa, anayeishi geto la mbali. Hao ndio wanaojua mvua inaingilia dirisha gani na wanafunzi wanakaa wapi wakifukuzwa. Mimi mkiniita nitakuja, ila naomba iwe asubuhi, zamu yangu inaanza saa nane.

Mapaa ya vimbweta yanaweza kusubiri bajeti. Bwalo linaweza kusubiri zaidi. Ombi moja halihitaji mzabuni wala mfumo wa manunuzi: kuanzia wiki ya kujiandaa na UE ya Julai, ghorofa ya chini ya jengo moja tu la madarasa, katika kila chuo, iachwe wazi hadi asubuhi, taa zikiwaka. Wasichana wasitoke saa nne usiku kutafuta pikipiki gizani ilhali mtihani ni saa mbili asubuhi. Wakae humo hadi kupambazuke. Kwa hapa kwetu nimeshaongea na mlinzi wa jengo lenyewe. Hana pingamizi. Ameomba birika la chai na barua yenye sahihi ya mtu wa Milki, kwa sababu hii yangu, alivyoniambia, haiwezi kufungua kufuli.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa maktaba, zamu ya jioni
Nyanda za Juu Kusini